Tafiti za kaya: Jinsi umaskini na usafi vinavyopimwa, na kwa nini Kimbo huponyoka kwenye mizani

KIMBO ni kitongoji kilicho upande wa Ruiru, kandokando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Jina hilo Wakenya wengi walilizoea kwanza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Hata hivyo, kwa wapangaji wanaoshuka matatu hapo kila jioni, Kimbo ni nyumbani: ploti za vyumba vilivyopangwa mstari, ua mmoja, mfereji mmoja na vyoo vinavyotumiwa na majirani wote.

Je, watu wa mahali kama hapa ni maskini? Swali ni jepesi kuuliza na gumu kujibu. Ana sakafu ya saruji, umeme na simu ya mkononi. Wakati uo huo, huenda watu wanne wanalala katika chumba kimoja, maji wanayanunua kwa mtungi wa lita 20 na choo wanakipangia foleni alfajiri. Jibu hutegemea kinachopimwa, anayepima na mahali mpaka unapochorwa. Jibu hilo likishaandikwa katika ripoti ya serikali, mabilioni ya shilingi hugawanywa kwa kulifuata.

Utafiti wa kaya ni nini

Sensa humhesabu kila mtu, lakini huuliza maswali machache na hufanywa mara moja kila miaka kumi. Utafiti wa kaya huchagua familia chache kwa bahati nasibu na kuzihoji kwa kina, kisha majibu yao hutumiwa kukadiria hali ya wote.

Wazo hili lina zaidi ya karne moja. Charles Booth alianza kuchunguza hali ya maskini wa London katika miaka ya 1880. Mwaka wa 1899 Seebohm Rowntree alichunguza familia za wafanyakazi mjini York na kukadiria kiasi cha fedha ambacho familia ilihitaji ili mwili uendelee kuwa na nguvu. Benki ya Dunia ilianzisha mpango wake wa tafiti za viwango vya maisha mwaka wa 1980, na nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki ilikuwa Côte d'Ivoire, mwaka wa 1985.

Nchini Kenya, kazi hii ni ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), lililoundwa kwa Sheria ya Takwimu ya mwaka wa 2006 kuchukua mahali pa Idara Kuu ya Takwimu. Katika miaka ya 1990 kulifanywa tafiti tatu za kufuatilia hali ya maisha, yaani mwaka wa 1992, 1994 na 1997. Ule wa 1997 ulionyesha kuwa asilimia 52.3 ya Wakenya walikuwa maskini.

Baadaye ulikuja Utafiti Jumuishi wa Bajeti za Kaya (KIHBS). Wa kwanza ulifanywa kati ya Mei 2005 na Mei 2006, na ulichagua kaya 13,430. Wa pili ulianza Septemba 2015 ukamalizika Agosti 2016, na ulichagua kaya 24,000. Tangu mwaka wa 2019 KNBS imekuwa na mpango wa kuhoji kaya mfululizo, ili taifa lisisubiri tena miaka kumi kujua hali yake.

Sambamba na tafiti hizo kuna Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS), ambao umefanywa tangu mwaka wa 1989. Huo hauulizi familia inatumia pesa ngapi. Huuliza kuhusu uzazi, vifo vya watoto, chanjo, maji, vyoo na mali iliyomo nyumbani. Ule wa 2014 ulikuwa wa kwanza kutoa takwimu za kila kaunti.

Chungu kimoja, kaya moja

Kabla ya kuhesabu umaskini, ni lazima kukubaliana kaya ni nini. Kwa watafiti, kaya si ukoo wala nyumba. Ni mtu au kundi la watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mtu mmoja kuwa kiongozi wao na wanaokula kutoka chungu kimoja. Vijana wawili wanaochangia kodi ya chumba na kupika pamoja ni kaya moja hata kama si ndugu. Mume anayefanya kazi Mombasa na kurejea mara mbili kwa mwaka huenda asihesabiwe, ingawa pesa anazotuma ndizo zinazolipa kodi.

Uteuzi wa kaya hufuata hatua mbili. Kwanza, nchi hugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia yaliyochorwa wakati wa sensa, na baadhi yake huchaguliwa. Kisha makarani huorodhesha kaya zote za eneo lililochaguliwa, na chache huteuliwa. Katika KIHBS ya 2015/16 maeneo yalikuwa 2,400, na kila eneo lilitoa kaya 10. Karani haruhusiwi kuruka nyumba iliyofungwa na kuingia ya jirani kwa sababu jirani yupo. Akifanya hivyo, atawahesabu zaidi wanaoshinda nyumbani na kuwaacha wanaoshinda kazini.

Sharti hili ni zito mahali kama Kimbo. Wapangaji wengi huondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda Nairobi, Ruiru mjini au Thika, na kurejea usiku. Karani hulazimika kurudi tena na tena. Asipowapata, kaya hiyo huandikwa kuwa haikuhojiwa, na pengo hilo hubaki katika hesabu.

Mstari wa umaskini huchorwa hivi

Kinachopimwa ni matumizi ya kaya, si mapato. Sababu ni kwamba mapato ya kibarua hubadilika kila juma, na watu huyataja kwa kusitasita. Karani huuliza kila chakula kilicholiwa kwa siku saba zilizopita, kilichonunuliwa, kilichotoka shambani na kilichotolewa na jamaa. Huuliza pia karo, nauli, mavazi, matibabu na mafuta ya taa. Mahindi yakitajwa kwa gorogoro na sukuma wiki kwa fungu, vipimo hivyo hugeuzwa kuwa kilo.

Mstari wa chakula hujengwa juu ya kilokalori 2,250 kwa mtu mzima kwa siku. Gharama ya kupata chakula hicho, kwa vyakula ambavyo watu wa kipato cha chini hula kwa kawaida, ndiyo mstari wa umaskini wa chakula. Kisha huongezwa gharama za mahitaji mengine ya lazima, na hapo hupatikana mstari wa jumla.

Kwa mwaka wa 2015/16 mstari huo wa jumla ulikuwa Sh3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi mashambani na katika viunga vya miji, na Sh5,995 mijini. Mwaka wa 2005/06 ulikuwa Sh1,562 mashambani na Sh2,913 mijini. Mjini karibu kila kitu hununuliwa kwa pesa taslimu, kuanzia maji hadi kuni.

Watoto hawahesabiwi sawa na watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka mitano huhesabiwa kuwa 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka mitano hadi 14 kuwa 0.65. Kwa hivyo baba, mama, mtoto wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu si watu wanne kwa hesabu hii, bali 2.89.

Tuseme familia hiyo ilikuwa ikitumia Sh13,000 kwa mwezi mwaka wa 2016. Kwa mstari wa mjini ilihitaji Sh17,326, kwa hivyo ni maskini. Kwa mstari wa mashambani ilihitaji Sh9,398 tu, kwa hivyo si maskini. Watu ni wale wale, chungu ni kile kile, na sufuria haikuongezeka unga. Kilichobadilika ni jina la mahali wanapoishi.

Mji uliokua upesi kuliko ramani

Hapo ndipo ugumu wa Kimbo ulipo. Ruiru ilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa, na aina ya mbegu iliyotolewa na watafiti wa zao hilo mwaka wa 1985 inaitwa Ruiru 11. Mashamba yalipokatwakatwa kuwa ploti, na hasa baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kuzinduliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, nyumba za kupangisha ziliota kwa kasi.

Sensa ya 2009 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na watu 238,858. Ya 2019 ilihesabu 490,120. Kwa idadi hiyo Ruiru ilikuwa mji wa nne nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, na mbele ya Eldoret na Kisumu.

Sampuli ya KIHBS ya 2015/16 ilitegemea maeneo ya sensa ya 2009. Ni kweli kwamba orodha za kaya hupitiwa upya katika maeneo yaliyochaguliwa. Hata hivyo, mgawanyo wa maeneo yenyewe hufuata sensa iliyopita. Mahali panapoongezeka watu maradufu katika miaka kumi, ramani hubaki nyuma ya maisha, na waliohamia karibuni ndio wanaoelekea kuhesabiwa pungufu.

Mipaka ya utawala nayo ilificha mengi. Wakati wa utafiti wa 2005/06, Ruiru ilikuwa ndani ya Wilaya ya Thika pamoja na Gatundu na Gatanga. Takwimu moja ya wilaya ilimchanganya mkulima wa majani chai wa Gatundu na mpangaji wa chumba kimoja wa Ruiru. Kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013 mchanganyiko huo haukuisha, bali ulipanuka. Kaunti ya Kiambu ina Limuru na Kikuyu, ina mitaa ya kifahari inayopakana na Nairobi, na ina Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika. KIHBS ya 2015/16 iliweka umaskini wa Kiambu chini ya robo ya wakazi, mbali kabisa na Turkana iliyokuwa na asilimia 79.4 na Mandera asilimia 77.6. Takwimu hiyo haielezi lolote kuhusu Kimbo. Kaya zilizohojiwa katika kaunti nzima hazitoshi kugawanywa hadi kitongoji.

Hatari ya wastani ilidhihirika Nairobi zamani. KDHS ya 1998 ilionyesha kuwa watoto 62 kati ya kila 1,000 waliozaliwa Nairobi walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 112. Jiji lilionekana salama kuliko mashamba. Mwaka wa 2000 Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika (APHRC) kilihoji kaya za mitaa ya mabanda pekee na kupata vifo 151. Watoto wa mabanda walikuwa wakifa zaidi ya wa mashambani, na takwimu za jiji zilikuwa zimewafunika.

Choo kizuri kisichotosha

Katika usafi, kipimo kinachotumiwa kote duniani ni ngazi iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto (UNICEF). Ngazi ya vyoo ina vidaraja vitano.

Chini kabisa ni kwenda haja vichakani au mahali pa wazi. Kinachofuata ni choo duni, kama vile shimo lisilo na sakafu imara. Cha tatu ni choo kilichojengwa vizuri lakini kinachotumiwa na kaya zaidi ya moja. Cha nne, kiitwacho huduma ya msingi, ni choo kizuri cha kaya moja pekee. Cha juu kabisa ni choo cha kaya moja ambacho uchafu wake hutibiwa au kuzikwa salama.

Kwa ngazi hiyo, choo cha ploti hukwama kwenye kidaraja cha tatu hata kikiwa na vigae ukutani na maji ya kumwaga. Wapo wanaoona kuwa huko ni kuwaonea wapangaji, kwa kuwa choo safi cha familia tatu zinazojuana si sawa na cha vyumba 20. Upande wa pili husema kuwa choo cha wengi ndicho kisicho na mwenyewe: hufungwa usiku, hujaa upesi, na wanawake na watoto ndio huogopa kukiendea gizani. Ndiyo sababu karani wa KDHS haishii kuuliza aina ya choo, bali huuliza pia ni kaya ngapi zinakitumia.

Maji yana ngazi yake. Chanzo kilichokingwa, kama bomba au kisima kilichofunikwa, huhesabiwa kuwa huduma ya msingi iwapo kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30. Ngazi ya juu hudai maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika na yasiwe na vimelea. Bomba linalotoa maji siku mbili kwa juma huonekana zuri katika jedwali mpaka mtu aulize siku tano zilizobaki watu hunywa nini.

Swali la mwisho ni uchafu huenda wapi. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa chini ya kaya moja kati ya kumi nchini ilikuwa imeunganishwa na mabomba makuu ya maji taka. Waliosalia hutegemea mashimo na matangi. Ploti zinapobanana, shimo la choo la mmoja hukaribia kisima cha mwingine, na lori la kunyonya maji taka halipenyi kila kichochoro. Mambo haya hayaonekani mlangoni pa choo. Yahitaji mtu wa kuuliza mara ya mwisho shimo lilizolewa lini, na mzigo ukamwagwa wapi.

Vipimo viwili, majibu mawili

KDHS hupima utajiri kwa mali: redio, televisheni, sakafu, paa, umeme, aina ya maji na choo. Kaya zote nchini hupangwa kuanzia iliyo chini hadi iliyo juu na kugawanywa katika mafungu matano. Kwa kipimo hiki mpangaji wa Kimbo mwenye saruji na umeme huweza kujikuta katika mafungu ya juu, akimzidi mfugaji mwenye ng'ombe 30. Lakini mfugaji hana deni la kodi linalomsubiri tarehe tano.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameongeza kipimo cha umaskini wa namna nyingi, kinachohesabu upungufu wa elimu, makazi, maji, usafi na lishe kwa pamoja. Ripoti ya KNBS ya mwaka wa 2020 iliyotumia njia hiyo, kwa takwimu za 2015/16, ilipata kuwa asilimia 53 ya Wakenya, yaani watu milioni 23.4, walikuwa maskini. Takwimu zizo hizo zilipopimwa kwa matumizi ya fedha zilitoa asilimia 36.1, yaani watu milioni 16.4. Hakuna ripoti iliyosema uongo. Moja iliuliza kama mtu ana pesa za kununua, nyingine iliuliza kama huduma ipo.

Msomaji anafaa pia kuchunguza asilimia pamoja na idadi. Umaskini wa 2005/06 ulitangazwa kwanza kuwa asilimia 45.9; ulipokokotolewa upya ili ulinganishwe na wa 2015/16 ulifika 46.6. Kushuka hadi 36.1 katika miaka kumi ni hatua kubwa. Lakini maskini walitoka milioni 16.6 hadi milioni 16.4 tu, kwa sababu taifa liliongezeka. Tafiti za mfululizo nazo zilionyesha asilimia 33.6 mwaka wa 2019, 42.9 mwaka wa 2020 wakati wa janga la korona, 38.6 mwaka wa 2021 na 39.8 mwaka wa 2022.

Pesa hufuata takwimu

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, viwango vya kuridhisha vya usafi na maji safi ya kutosha. Haki hiyo haiwezi kudaiwa wala kutimizwa bila kujua nani hana nini.

Ugavi wa fedha za kaunti nao hutegemea tafiti hizi. Umaskini ulipewa uzito wa asilimia 20 katika mfumo wa kwanza wa kugawa mapato, asilimia 18 katika wa pili na asilimia 14 katika wa tatu, ambao maseneta waliuvutania kwa majuma mengi kabla ya kuupitisha Septemba 2020. Kaunti yenye wastani mzuri hupata mgao mdogo kwa kigezo hicho. Mpangaji maskini katika kaunti inayoonekana tajiri hupoteza mara mbili: haonekani katika wastani, na fedha hazimfuati.

Gharama ya kuhesabu ni tatizo jingine. Tafiti za KDHS na nyingine za aina hiyo katika nchi nyingi zilitegemea sana ufadhili wa Marekani, ambao serikali ya nchi hiyo iliukatiza mapema mwaka wa 2025. Nchi isiyogharimia takwimu zake hubaki ikingoja mgeni aje kuihesabu.

Karani anapobisha hodi

Mwananchi anayetembelewa ana haki ya kuona kitambulisho cha karani na kuelezwa utafiti ni wa nini. Kwa kawaida chifu na wazee wa mtaa huarifiwa mapema, hivyo mwenye shaka anaweza kuwauliza. Sheria ya Takwimu inakataza kufichua majibu ya mtu binafsi. Hayapelekwi kwa mwenye nyumba wala kwa mtoza ushuru, na ripoti hazitaji majina.

Kujibu maswali hakuleti msaada kesho yake, na karani hapaswi kuahidi msaada wala kuomba chochote. Anayejitia ufukara akidhani atapewa chakula, na anayeficha ufukara kwa kuona haya mbele ya jirani, wote wawili huipotosha hesabu ya mtaa wao. Njia bora ni kumhoji mtu faraghani na kumwacha ajibu kama hali ilivyo.

Kenya imefanya sensa kila baada ya miaka kumi tangu 1969, na kwa utaratibu huo inayofuata ni ya 2029. Hadi ramani mpya zichorwe, tafiti zitaendelea kutumia mipaka ya 2019. Kila jumba la kupangisha linaloongezeka Kimbo, Murera au Juja kati ya sasa na wakati huo litakuwa na wapangaji, kodi na foleni ya choo muda mrefu kabla halijapata nafasi yake kamili katika hesabu ya taifa.